Duka limepoa na mimi nimepoa nalo, wenzangu mwajishikaje?

UdiWaLangoni

Assalam alaykum jamani, na wasio Waislamu habari zenu. Mimi nina kijiduka huku Langoni, Lamu, nauza udi napika mwenyewe, ubani, marashi, haludi, vyetezo vya udongo, na Alhamisi na Ijumaa vikuba kama asumini imepatikana.

Swali langu sijui ni la hesabu au la kichwa. Tangu Mei iingie na kusi kushika, watu hakuna. Nafungua, nafagia baraza, natia udi kidogo kwenye makaa harufu itoke mpaka njiani, halafu nakaa. Wageni wa Shela hawapo, kuna hoteli zimefunga mpaka Julai, punda wapita na mawe ya watu wanaojenga, watoto wa chuo wapita, mtu aingia anusa mikebe yote mmoja mmoja asema mashallah, harufu nzuri hii, "nitarudi", ndio basi. Kufika adhuhuri nimeshaishika simu sana, naangalia stetasi za wenzangu, huyu apakia oda za Nairobi, yule afungua duka la pili Mombasa, naona ni mimi peke yangu niliyesimama. Akili ikishafika hapo hakuna kazi tena, siku yaenda hivyo.

Na kuna jirani, mlango wa tatu kutoka kwangu, naye sasa auza udi wa pakiti kutoka Dubai bei ya chini. Nyumbani nako waniambia funga utafute kazi kaunti. Sitaki kufunga, kazi hii naipenda. Nyinyi wenye biashara ndogo mwafanyaje moyo usianguke na akili ikae kazini miezi kama hii? Tafadhali msiniambie "jiamini" tu, hayo nayapata kila asubuhi kwenye mapicha ya mawaridi ya magrupu ya wasap.

NahodhaShela

Dadangu kwanza usidhani ni wewe peke yako. Kusi ikishika bahari ya nje haiendeki na vidau vidogo, wavuvi wakikaa pwani pesa zapungua mji mzima, hata muuza viazi karai alia. Kwahivyo si wageni tu, ni kule kule pesa zinakoanzia.

Sisi wa mashua miezi hii ni ya gereji. Chombo chapandishwa juu, chakalafatiwa, chapakwa sifa (mafuta ya papa), tanga lashonwa palipotoboka. Mtu mikono ikinuka sifa simu yenyewe haishikiki hahaha. Wewe Novemba kaskazi ikirudi na wageni wa tamasha wakaanza kumiminika, mpaka kupita mwaka mpya, hutapata nafasi ya kupika hata sufuria moja kwa raha zako. Basi pika saa hizi. Sina zaidi.

BiSomo_Mkomani

Mwanangu nimesoma maneno yako nikacheka, niwie radhi. Wewe wauza udi halafu walia na Wazungu? Mgeni anunua mkebe mmoja aende nao kwao ukumbusho, afika hana chetezo hana makaa, mkebe wakaa kabatini mpaka akihama nyumba. Anayemaliza udi ni arusi. Miye napamba maarusi na najua nyumba moja yafukiza kiasi gani, kuanzia siku ya hina, nguo zafukizwa, nywele zafukizwa, chumba, shuka, wageni wa kike wakifika chetezo chapitishwa, na hiyo ni nyumba ya mke tu sijataja ya mume.

Kwahivyo hiyo kalenda ya Julai na Disemba ni ya NahodhaShela, muachie mwenyewe. Yako ni ya miezi yetu. Mfungo Mosi baada ya Idi ndogo arusi zapandana mpaka wapambaji wagombaniwa. Mfungo Tatu baada ya Idi kubwa tena. Mfungo Sita Maulidi, msikiti wa Riyadha wajaa, kila nyumba ina wageni wa kulala na kila nyumba yafukiza. Shaabani watu wawahi kuoa kabla ya Ramadhani. Na miezi hii kwa kalenda ya kizungu yarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, haikai pamoja. Mwaka huu wa 2026 Mfungo Sita waanza katikati ya Agosti, yaani ndani ya hii hii kusi unayoiogopa. Sasa msimu mbaya uko wapi? Chukua kalenda ya Kiislamu uibandike nyuma ya mlango, utie alama miezi yako, ikiwa kimya ujue ni kimya gani, cha kupita au cha kukutia wasiwasi. Miye naona mtu akivunjika moyo mara nyingi ni kwa sababu hajui kimya alicho nacho ni kipi kati ya hivyo viwili.

La pili ni begi. Mume akipeleka begi kwa mke huwekwa nini? Nguo, viatu, leso, na lazima udi na marashi. Mamake mume atazunguka maduka sita na jua hili. Wewe funga seti, udi mkebe mmoja au miwili, ubani, chupa ya marashi, haludi, chetezo kizuri, uifunge karatasi ya kung'aa na utepe, iwe tayari ni ya kutia begini. Kila mpambaji wa mji huu umpelekee kionjo. Mimi nianzie.

Kuhusu moyo wenyewe, nilikuwako 2014 baada ya mashambulio ya Mpeketoni tulipotiwa kafyu ya usiku, na nilikuwako korona ilipokuja, kafyu kuanzia Machi 2020 mpaka Oktoba 2021, arusi za kesha hakuna. Kilichonishika ni kitu kidogo tu. Asubuhi kabla sijagusa simu kuna kazi moja lazima nimalize, si nianze, nimalize. Kushona ushanga kwenye mtandio wa mtu wa mwezi ujao, kupanga hina, chochote. Mambo ya fulani kafungua duka Mombasa nikiyaona baada ya hapo hayanichomi sana, nishapata changu cha siku.

JuhudiTu

Bi Somo umeongea. Mimi naongeza tu, dada sasa ndio wakati wa kuongeza stoki. Chukua Hustler Fund, ule mkopo wa serikali wa kwenye simu, riba yenyewe asilimia 8 kwa mwaka, hakuna benki itakupa hivyo, na ikipungua wafuliza kidogo, ule mkopo wa M-Pesa, wasongesha siku. Bila mtaji hata ukiwa pozitivu namna gani duka halijai.

UdiWaLangoni

Bi Somo Mungu akuweke, kalenda nimeshaibandika, na kweli wallahi nilikuwa nahesabu wageni wa boti tu kila siku. Kionjo nitakuletea mwenyewe.

Lakini sasa hapo kwenye arusi ndipo kwenye kidonda. Arusi zachukua deni. Shangazi wa mume aja mbio, nipe mikebe minne tutamaliza baada ya arusi, na baada ya arusi waambiwa pesa zote zimeingia kwa pilau. Nina daftari hapa kurasa mbili nzima ni "arusi ya" fulani. Kumdai mtu wa mtaa mmoja naona haya, nisipomdai nikimuona apita na dera jipya moyo wachemka. Hiyo nayo yala akili kuliko hata ukimya.

JuhudiTu asante, lakini mikopo ya riba siiwezi.

DukaBarani_Malindi

Salamu kutoka Malindi. Huku nako baada ya Pasaka hoteli za Wataliano zikifunga mji walala, kwahivyo mwanangu twasikizana. Mimi ni duka la vyombo, sufuria, sinia, majagi, nakuzidi umri na madeni pia nimekuzidi.

Mwenye arusi hulipa mpishi kabla. Hulipa viti na mahema kabla, wenye viti hawaleti hata kimoja bila kuona kitu. Kwa nini muuza udi awe wa mwisho? Ni kwa sababu hakuna aliyemwambia nusu kwanza. Ile seti ya Bi Somo uitie sharti hilo siku ya kwanza kabisa, nusu ukipokea oda, nusu ukikabidhi. Useme kwa uso mkunjufu, "shangazi, nusu nikanunulie sukari na marashi", hapo si kudai, ni kununua vitu vya kazi yake. Atakayekasirika huyo ndiye angekuwa ukurasa wa tatu wa daftari lako. Zile kurasa mbili za zamani, wanaolipika watumie ujumbe mara moja kwa mwezi, siku ile ile kwa maneno yale yale, wasiolipika ufunge ukurasa usiutazame kila siku.

La pili ndilo kubwa kwangu. Pesa za duka ziko wapi? Kama ni kwenye simu yako ile ile unayonunulia samaki na kumtumia mama, hutajua kamwe umefaidi au umekula hasara, na usipojua kichwa chachagua hasara kila mara. Ya duka iingie kwenye tili, ile namba ya malipo ya biashara, ya nyumbani ikae kwenye simu, na kila Ijumaa ujilipe mshahara hata uwe mdogo wa kuchekesha. Mimi nilianza na pesa ya kununulia kitoweo tu, mke wangu alinicheka.

Halafu ujue mkebe mmoja wakugharimu nini. Watu wa Lamu nawajua, mwahesabu udi, sukari, marashi, mwaisha hapo. Mikebe mitupu yatoka Mombasa? Basi kuna parseli ya basi mpaka Mokowe kule bara, kuna boti, kuna hamali wa kuupandisha mzigo mpaka dukani, na kila mmoja ataka chake. Gawanya hizo zote kwa idadi ya mikebe. Ukishajua kwamba mikebe mitatu yalipa kodi ya siku na stima, basi siku ya mikebe mitatu wafunga duka walala, hata kama mwenzako stetasi yake ni ya kontena.

NahodhaShela

JuhudiTu ndugu yangu hiyo Hustler Fund ya mtu binafsi ni ya siku 14. Udi wa arusi ya Agosti atauza vipi kwa siku 14? Na Fuliza kila siku yakata, hiyo si ya stoki, ni ya kukwama kwa usiku mmoja.

JuhudiTu

Haya hiyo ya siku 14 umenipata. Lakini humu sio wote Waislamu, kuna mtu atasoma hii biashara yake yageuza pesa kwa wiki moja, kama muuza mboga, yeye yamfaa. Sio kila mkopo ni shetani.

BiSomo_Mkomani

Sijasema shetani, nasema riba na udi haviendi pamoja hahaha. Hapa kuna mchezo wa akina mama, kila wiki twatoa, mwanangu uje uingie, na uombe zamu yako iwe kabla ya Mfungo Sita ununulie udi mbichi. Watu hukubali ukiwaambia mapema.

NahodhaShela

Kuhusu jirani. Usigombane naye. Anayetaka wa pakiti bei rahisi hakuwa wako hata kabla, na yeye hajui kupika, akiulizwa wa kienyeji amtume mtu wapi? Mlango wa tatu. Mpe mkebe mmoja wa zawadi uone.

UdiWaLangoni

Mkebe wa zawadi utaniuma lakini nitampa.

Leo simu nimeitia ndani ya mtungi wa ubani mpaka adhuhuri, sufuria moja imepikwa, sukari imeshikana vizuri sijui ni hii baridi ya mvua au ni mimi nimetulia, na nimepiga zile hesabu za ami wa Malindi. Boti na hamali sikuwahi kuvitia kwenye bei, wallahi. Mkebe nimeuongeza kidogo, watakaosema watasema.

Swali la mwisho Bi Somo, hiyo seti ya begi niiweke bei gani ambayo haitawatisha watu wa Langoni?

BiSomo_Mkomani

Weka mbili, ya kawaida na ya kujionyesha. Ya kujionyesha tia chetezo cha shaba na haludi ile nzuri, bei usiionee haya. Hiyo ndiyo itakayoisha kwanza, watu wetu wawajua.

DukaBarani_Malindi

Basi mimi nipange foleni kabisa, kijana wangu aoa mwezi wa Maulidi na mamake ameshaanza kunisumbua na begi. Nataka hiyo ya kujionyesha. Parseli ya mpaka Malindi yapatikana?

UdiWaLangoni

Yapatikana ami, kwa basi la asubuhi kutoka Mokowe. Ila nusu kwanza, nikanunulie sukari na marashi.