Niuze kiwanja kumlipia mdogo wangu matibabu ya unga, au kuna njia nyingine? Naomba mnilinganishie

KakaWaTatu
Habari zenu ndugu. Mdogo wangu anatumia heroini, huu mwaka wa nne. Juzi usiku alinijia mwenyewe akasema amechoka, anataka kuacha. Neno hilo nimelingoja sana, sitaki lipoe mikononi mwangu. Nimeulizia wiki nzima, nimebaki na njia tatu.

Ya kwanza ni nyumba ya watu wanaoacha unga, analala huko huko miezi mitatu. Wanataka malipo yote kabla hajaingia. Akiba yangu inafika theluthi, iliyobaki niuze kiwanja au nikope kazini. Ya pili ni kliniki ya methadoni, dawa ya kumeza badala ya heroini, kwenye hospitali ya umma. Dawa hawatozi, ila aende kila siku, na mama hataki hata kuisikia. Anasema ni kumtoa kwenye unga huu na kumtia kwenye unga mwingine. Ya tatu ni mshauri nasaha wa kulipwa kwa kikao, mgonjwa akiishi nyumbani.

Bado ana kazi, na bima ya kazini anayo, lakini anaogopa kuigusa wasije wakajua. Waliopita njia hii, ninyi mngelipia nini?

Dada_Mvumilivu
Kaka, pole, na hongera kwa kuaminiwa na mdogo wako. Kabla hujagusa kiwanja nisikilize. Mimi nilikopa. Nililipa miezi mitatu kwa mkupuo kwenye nyumba moja, na karatasi niliyotia sahihi sikuisoma. Siku ya tisa mwanangu akatoka kwa mlango wa nyuma. Nilipokwenda kudai salio nikaonyeshwa mstari: malipo hayarudishwi. Mkopo nilikatwa kwenye mshahara miaka miwili, na katikati ya miaka hiyo mwanangu akaja kuniambia yuko tayari kujaribu tena. Sikuwa na kitu. Hilo linaniuma kuliko pesa yenyewe.

Omba kulipa mwezi kwa mwezi. Wakikataa, waulize akitoka siku ya tano unarudishiwa nini, na jibu waliandike.

Baba_Pacha
Pole dada, lakini nyumba zote tusizitie kapu moja. Wangu alikuwa akilala chumba kimoja na watu watatu wanaotumia. Kliniki gani ingemfaa huku kila jioni anarudi mle? Nyumba ilimweka mbali nao, na sasa anajitegemea. Tulilipa wiki kwa wiki, ndugu watano, kila mmoja na wiki yake, pesa ikienda moja kwa moja kwa mhasibu wa kituo na risiti inarudi kwetu.

Kabla ya kulipa niliomba kuona kibali cha kuendesha kituo, nikaomba kuzungumza na daktari wao ana kwa ana, nikauliza kama mgonjwa anaruhusiwa kuendelea na dawa alizoandikiwa. Pahali wanapofunga watu minyororo au kuwachapa, hata wakikupokea bure, ondoka na mtu wako.

NesiWaZamu
KakaWaTatu, umesema unga, kwa hiyo hili la mama lazima lizungumzwe vizuri. Heroini inapanda haraka na kushuka haraka, ndiyo maana arosto, yale maumivu ya kukosa unga, inamrudia mtu mara kadhaa kwa siku na anafanya lolote ili aizime. Methadoni inapanda polepole, na dozi moja inamshikilia kama saa 24. Halewi, hatetemeki, anaweza kwenda kazini. Shirika la Afya Duniani liliiingiza methadoni pamoja na buprenofini, dawa nyingine ya kazi hiyo hiyo, kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2005. Anameza mbele ya muuguzi, na dozi inapandishwa kidogo kidogo. Wiki mbili za mwanzo ndizo za kuangaliwa sana: akichanganya na pombe au vidonge vya usingizi, pumzi inaweza kukatika. Na asiharakishwe kuiacha. Chini ya mwaka mmoja kwa kawaida ni mapema mno.

Sasa kuhusu ile miezi mitatu. Mtu wa unga akikaa bila kutumia, mwili unasahau. Akitoka kwenye nyumba ile bila dawa yoyote, halafu akateleza siku moja na kupiga kipimo chake cha zamani, kipimo kile kile kinamuua. Nimewapokea wakiwa hivyo, familia imetoka kumaliza kulipa juzi. Kwa hiyo ukilipia nyumba, uliza kwanza siku ya kutoka atatoka na dawa gani na atamwona nani wiki ile. Na naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha unga, iwepo nyumbani kama inapatikana kwenu, kila anayeishi naye ajue kuitumia.

Hesabu_Taratibu
Mimi nashughulika na madai ya bima. Usianze kwa kumwuliza bosi wala afisa utumishi. Piga simu kwa bima yenyewe, na uulize kama taarifa wanazompa mwajiri zinataja jina na ugonjwa. Kisha uliza wanalipia siku ngapi za kulazwa, kama kinahitajika kibali kabla ya kuanza, kituo kipi kiko kwenye orodha yao, na kama vikao vya baada ya kutoka vimo. Jibu la simu omba walitume kwa maandishi.

Jambo dogo linaloangusha madai mengi ni karatasi ya daktari. Ikiandikwa tu "matumizi ya dawa za kulevya", wapo watakaosema amejitakia. Uraibu wa heroini na jamii yake una msimbo wake kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa, ICD-10, ni F11. Pombe ni F10. Mwombe daktari auandike.

MkeWaBaharia
Natia neno kwa wanaosoma uzi huu kwa ajili ya pombe. Mlevi wa kila siku msimwachishe ghafla nyumbani ili kuokoa pesa. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili, na kuweweseka baada ya hapo, na watu wanakufa. Hizo siku chache za mwanzo lipieni wodi. Bima yetu iliyokataa nyumba ya kulala ilikubali siku sita za hospitali. Vikundi vya Alcoholics Anonymous, vya walevi wanaosaidiana kuacha, havina ada, na Al-Anon ni kwa ajili yetu sisi tunaoishi nao.

Safi_MwakaWaSita
Naandika kama niliyekuwa mgonjwa. Kwetu waliuza shamba kwa ajili yangu, na kila nilipochelewa kurudi nilikumbushwa shamba. Nilipoteleza mara ya kwanza niliogopa kusema, nikaficha miezi minne, kwa sababu nilijua kitakachosemwa ni shamba. Kama ningesema siku ile ile, ingekuwa ni kurudi kwa daktari tu.

Kaka, chochote utakachotoa, kitoe ukiwa tayari kutokitaja tena. Kama kiwanja huwezi kukinyamazia, usikiuze.

Na nauli. Watu wanaacha kliniki kwa kukosa nauli ya kila siku. Ile theluthi yako inaweza kulipa nauli na mshauri nasaha kwa muda mrefu sana.

KakaWaTatu
Nimesoma yote mara mbili, na la mwisho nimelisoma naye, tukakaa kimya. Yeye halali na watumiaji, analala kwetu, na kazi bado anayo, kwa hiyo tunaanza na kliniki pamoja na mshauri wa mara moja kwa wiki. Nauli nimeitenga kwenye akaunti ya dada yetu. Kiwanja kinabaki. Ikionekana nyumbani hapawezekani, nyumba tutalipia mwezi mmoja mmoja, na iwe inayokubali methadoni.

NesiWaZamu, maneno yako nimemsomea mama. Hakujibu kitu. Baadaye aliuliza kliniki inafunguliwa saa ngapi. Kesho saa moja asubuhi tunakwenda watatu.