Naomba ushauri: mafuta ya aina moja, nywele za aina mbili

Habari zenu wapendwa. Nina mabinti wawili ambao nywele zao hazifanani hata kidogo. Za mkubwa ni kipilipili, nzito, zinajikunja mno. Za mdogo ni laini na nyembamba. Wote nimekuwa nikiwapaka mafuta ya nyonyo.

Kwa mdogo yanagandamana tu. Ikifika jioni paji la uso linang'aa, na sasa vipele vidogo vimetokea pale nywele zinapoanzia. Mkubwa naye, nikimpaka asubuhi, jioni nikizishika zinakwaruza kama majani makavu, na chanuo linabaki na vipande vifupi vilivyokatika. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, maana zilikuwa zimeshaanza kurefuka.

Ninavyoelewa, mafuta hayaongezi maji kwenye nywele, yanasaidia tu yaliyomo yasikauke haraka. Kwa hiyo wiki hii za mkubwa nazilowesha kidogo kwanza, nazigawa mafungu manne, ndipo napaka kuanzia kwenye ncha. Naona nafuu.

Kwa mdogo nafikiria mafuta mepesi ya jojoba, matone mawili matatu kwenye ncha tu, ngozi niiache. Au ya nazi, kwa kuwa huingia ndani ya unywele? Hayatamlemea?

Wenye watoto wa namna hii, mnapaka mara ngapi kwa wiki? Mkubwa niendelee na nyonyo peke yake au nichanganye na mafuta mepesi? Na vipele, vinaisha kwa kuacha mafuta tu? Nitashukuru sana.