Kinundu katikati ya mpito wa HAT-P-11 b: ni doa la nyota au kasoro ya kipimo?

Mdadisi wa Anga:
Salaam, ndugu zangu. Ninachora grafu ya mwanga wa HAT-P-11, nyota kibete ya rangi ya machungwa, kwa vipimo vya kila dakika moja vya darubini ya Kepler. Sayari yake, HAT-P-11 b, hupita mbele yake (ndio mpito) kila baada ya siku 4.89. Katika mpito mmoja, mwanga ulikwisha kushuka, kisha ukainuka kidogo kwa dakika 20 hivi na kushuka tena, ilhali sayari ilikuwa ingali mbele ya nyota. Programu yangu inataka kuvitupa vipimo hivyo. Niiachie?

Mwalimu wa Fizikia:
Usivitupe, ndugu yangu. Doa ni sehemu ya uso wa nyota iliyopoa kuliko jirani zake, kwa sababu sumaku kali huzuia joto lisipande kutoka ndani. Sayari inapolifunika huwa inaziba mahali palipokuwa hafifu tangu awali, kwa hiyo mwanga unaotufikia huongezeka kabla mpito haujaisha. Kasoro za kipimo hurusha nukta moja moja ovyo. Kinundu cha doa hupanda na kushuka kwa utaratibu, nukta nyingi zikifuatana.

Zuhura:
Naongezea kwa aliyoyasema Mwalimu. Nyota hiyo hujizungusha kwa siku 29 hivi, muda unaokaribiana sana na mizunguko 6 ya sayari. Kwa hiyo fungua mpito wa sita baada ya huo, na doa likiwa bado lipo, kinundu kitarudi karibu pale pale. Tena njia ya sayari imeinama mno, inapita karibu na ncha za nyota, na ndiyo maana vinundu hujikusanya sehemu mbili za mpito: ni mikanda miwili ya madoa, mmoja kila upande wa ikweta, kama ilivyo kwenye Jua letu. Hunigusa sana kwamba ikweta ya nyota tunayoiona kama nukta imejulikana kwa njia hii.

Mpimaji:
Yasisahauliwe madoa ambayo sayari haikuyafunika. Hapo sayari huziba uso unaong'aa kuliko wastani, nasi tukaikadiria kuwa kubwa kuliko ilivyo. Kwa vibete vyekundu kama TRAPPIST-1 taabu huzidi, kwani madoa yao yamepoa kiasi cha kuwa na mvuke wa maji, ule ule tunaoutafuta katika angahewa za sayari.

Mdadisi wa Anga:
Ahsanteni sana. Nimefungua mpito wa sita: kinundu kipo, kimesogea dakika chache tu.