MJADALA: Umeme ukikatika, mlango wa ghorofa uachie au ubaki umeshika? Na nani wa kusaini?

Wakuu habari za jioni. Naleta hii hapa kwa sababu kwenye kikao chetu cha wapangaji nusura tushikane mashati. Jengo letu la ghorofa nne lina milango ya kadi, ile kufuli ya sumaku inayokaa juu kwenye fremu. Sumaku inashika kwa umeme, umeme ukikata inaachia. Basi vibaka wakalijua hilo, mtaa ukiingia giza tu wanapanda ngazi kama kwao, wakatubebea tivii mbili. Mwenye nyumba akaita fundi wa mambo ya ulinzi akabadilisha, akaweka kufuli ambayo umeme ukikata inabaki imeshika, funguo ya dharura akapewa mlinzi. Tukashangilia wote, hata mimi. Wiki ya tatu, saa nane usiku, boksi la meinswichi pale chini likaungua, moshi unapanda ngazi, umeme umeshakata wenyewe, sisi tuko ndani tunasukuma mlango na mlinzi kaenda kutafuta chai. Jirani yangu alikuwa anaupiga mlango kwa mchi wa kinu. Hakufa mtu, ila mpaka leo watoto wake wakisikia harufu ya kitu kinaungua wanakimbilia viatu.

Msimamo wangu ni huu: kufuli yoyote inayoweza kumzuia mtu kutoka isihesabiwe kifaa cha ulinzi peke yake. Isifungwe wala isibadilishwe mpaka aijaribu mtu ambaye siye aliyeifunga na siye anayeilipia, kisha asaini. Karibuni mnipinge.

MwenyeNyumbaMchovu: Nakupinga asubuhi hii hii. Kibaka anakuja kila wiki, moto sijauona miaka 14 nina nyumba. Enzi zile za Panya Road, vile vikundi vya vijana wahalifu wa Dar, nyie nyie mlikuwa mnanipigia simu usiku mnataka nondo ziongezwe mpaka dirisha la choo! Leo nondo imekuwa dhambi. Zimamoto wanakuja, wanakagua, nalipia cheti, tayari. Ukiniletea mtu mwingine wa kusaini kila nikibadilisha kitasa, hiyo gharama itaenda kwenye kodi yako, usije kulia.

FundiKamera: Bosi hapo juu ana ukweli nusu. Mimi hizi ndizo kazi zangu. Tatizo haliko kwenye aina ya kufuli, liko katikati ya mafundi. Jengo lina fundi wa kadi, fundi wa kengele ya moto na fundi wa umeme, kila mmoja anakabidhi chake na kila kimoja ukikijaribu peke yake kinafanya kazi vizuri tu. Ule waya wa kutoka paneli ya moto, yaani boksi kuu la kengele, kwenda kwenye kufuli ili iachie hauko kwenye tenda ya mtu. Nimeshakuta rilei ya kengele (ile swichi inayojiwasha kengele ikilia) imeingizwa kwenye kontrola, yaani ubongo wa mfumo wa kadi, badala ya kukata umeme wa sumaku moja kwa moja, maana yake kontrola ikiganda tu kengele inalia jengo zima na mlango umeshika kama kawa. Na mkiambiwa "weka betri" ili kibaka asipite umeme ukikata, mfikirie vizuri jamani, betri ndiyo inaifanya sumaku iendelee kushika hata umeme umekata, kama paneli ya moto haiwezi kuikata na hiyo betri umejiongezea jela. Dawa mbona ipo na wala si ghali: upande wa nje kufuli ishike inavyotaka, upande wa ndani kuwe na kitasa cha mkono kinachofungua chenyewe, bila kadi, bila umeme, bila kumuita mlinzi. Kibaka anabaki nje, mtu anatoka.

MamaMachakos: Huku kwetu Kenya haya mambo tunayajua kwa makaburi. Shule ya sekondari Kyanguli, Machakos, Machi 2001, bweni liliungua wakafa vijana 67, mlango mmoja wa bweni ulikuwa umetiwa kufuli na madirisha yana grili. Grili zilikuwa za usalama, ati. Mwaka 2008 serikali ikatoa mwongozo wa shule: milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na grili. Vizuri sana. Sasa nenda shule ya bweni yoyote saa nne usiku uangalie kama mlango haujatiwa kufuli kwa nje, kwa sababu mwalimu anaogopa vijana watoroke. Mchana mkaguzi akija anakuta uko wazi. Hiyo saini yenu itafanyika saa ngapi, mchana ama usiku?

MwenyeNyumbaMchovu: Dada pole sana, hilo la bweni sibishani nalo. Ila ndio unanisaidia. Huyo msaini mwenyewe atalipwa na nani? Si na mimi? Pakistan, Karachi, kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kiliungua Septemba 2012, wakafa watu zaidi ya 250, madirisha yana nondo na milango ya kutokea imefungwa. Wiki chache tu kabla kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa cha hali nzuri za kazi. Saini ilikuwepo!

Mleta mada: Mzee hapo umenikamata, nakubali. Basi naibadilisha hoja: saini iwe ya mwisho, kwanza jaribio lifanyike wapangaji tunaona kwa macho. Halafu kuhusu mlinzi mwenye funguo, uwanja wa ndege mpya wa Berlin uzinduzi wake wa Juni 2012 ulifutwa wiki chache kabla kwa sababu ya mfumo wa moto, milango na feni za moshi na kengele havikuelewana vikiwashwa pamoja. Wakaja na wazo la kuweka watu wasimame milangoni wafungue kwa mkono. Likakataliwa, uwanja ukafunguliwa Oktoba 2020. Wajerumani na hela zao zote waliambiwa binadamu kusimama mlangoni si mfumo, sisi tunamtegemea mzee mmoja na chai yake?

FundiKamera: Hahaha mwacheni mzee wa watu. Ila jaribio lenyewe lifanyeni hivi: mlinzi akae mbali na funguo zake, zimeni meinswichi, chomoeni na betri, mtoto wa miaka kumi asukume kila mlango kutokea ndani. Kisha rudisheni umeme mlize kengele, msukume tena. Na kila fundi akigusa chochote, hata kuhamisha waya tu, mnarudia yote.

Mleta mada: Mrejesho wadau. Mwenye nyumba wetu alikubali vile vitasa vya ndani, Jumamosi tukazima kila kitu kama fundi alivyosema. Mlango wa chini ukafunguka, wa kwanza ukafunguka, wa pili kitasa kikashuka vizuri, kufuli ikaachia, mlango wenyewe haukusogea hata inchi. Mpangaji wa pale kaweka zulia jipya nene kwenye korido na mlango unalibinua. Fundi kasema kufuli ni nzima na kweli ni nzima, karatasi yake haina kosa. Nauliza tu, hilo zulia liko kwenye tenda ya nani?