MREJESHO: Kilimanjaro kwa siku 7, Diamox na mwenzetu aliyeshushwa usiku

Wakuu, niliuliza hapa kama watu wanne tupande kwa siku 5 au 7, na kama tumeze Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko. Asanteni sana, majibu yenu yametubeba.

Tulichukua siku 7, njia ya Machame. Lava Tower (mita 4,600) vichwa viliuma wote. Tulikula pale, tukashuka kulala kambi ya Barranco, chini ya mita 4,000, na hadi jioni vimetulia. Hiyo ya "panda juu, lala chini" msiiruke.

Diamox: miligramu 125 asubuhi na 125 saa kumi jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidole vinachomachoma na mkojo hauishi, ndiyo maana dozi ya pili isisogee usiku. Mmoja wetu mwenye mzio wa dawa za salfa hakumeza, daktari alimkataza.

Watatu tulifika kilele cha Uhuru. Wa nne, naye alikuwa kwenye Diamox, alianza kutapika na kuyumba kama mlevi pale kambi ya Barafu, mita 4,673. Kumbe alificha maumivu ya kichwa tangu kambi ya Karanga! Kuyumba ni dalili ya ubongo kuvimba, hakusubiri asubuhi. Kiongozi wetu alimshusha usiku uleule. Kufika kambi ya Millennium, mita kama 3,800, akaomba uji. Jamani, semeni mapema.

Mpira wa kunyonyea maji uliganda usiku wa kilele. Chupa iliyogeuzwa kichwa chini ndani ya soksi nzito haikuziba mdomo.