Wasichana 7, simu moja, bando halikai: nifanyeje?

Fundi_Cherehani:
Wakuu, heshima kwenu. Niko Ukerewe, mbele kidogo ya Nansio. Kazi yangu cherehani, ila kidato cha sita nilisoma sayansi, kwa hiyo jioni nawafundisha wasichana 7 wanaotaka kurisiti kidato cha nne. Watano wana watoto. Ruhusa ya waliojifungua kurudi shule ilitoka Novemba 2021, sawa, lakini mtoto anabaki na nani? Wakaamua kujisajili kama watahiniwa wa kujitegemea.

Kinachotuua ni bando. Juzi nilijiunga la 1,000 tuangalie video ya kemia, mambo ya moli. Simu tumeiegemeza kwenye cherehani, vichwa vimebanana, kale kaduara kanazunguka weee, mwalimu kaganda mdomo wazi. Mara meseji: bando lako limekwisha. Hata swali la kwanza hajamaliza! Na ukiondoa wawili, wote wana viswaswadu, simu za vitufe zisizofungua video. Tafadhali asije mtu kuniambia ninunue rauta.

Mafaili_Mza:
Dada, achana na video za mtandaoni. Tafuta Kolibri, programu ya bure ya shirika la Learning Equality, imetengenezwa kwa ajili ya sehemu zisizo na intaneti. Unaipakua mara moja mjini pamoja na masomo, unaiweka kwenye laptopu hata iliyochoka. Ukiwasha hotspoti ya laptopu, simu janja zinaingia kwa brauza na bando haliguswi. Hesabu za Khan Academy zipo hata kwa Kiswahili. Chagua mada unazotaka tu, video zinakula nafasi.

Ticha_wa_Kata:
Mkuu hapo juu yuko sahihi, ila mengi ya humo hayakuandikwa kwa mtaala wetu. Mimi ningeanzia tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani. Kuna taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, bure, kwa PDF. Zinaonyesha swali kwa swali watu walikosea wapi, na picha za majibu yenyewe kwa mwandiko wa mtahiniwa. Chapisha steshenari kurasa unazohitaji, hata mwenye kiswaswadu atasoma. Watu wanakimbilia video, hazina wameikalia.

Fundi_Cherehani:
Mrejesho, wiki ya tatu sasa. Laptopu nimeazima kwa mjomba. Betri imekufa, inaishi kwa waya, umeme ukikatika somo limeisha. Kolibri imekubali, hesabu tunaangalia bila senti.

Ila Ticha, zile karatasi! Mmoja alikuwa ananyonyesha, akasoma jibu la mtahiniwa aliyegawanya badala ya kuzidisha, akapiga kelele, "Huyu si mimi huyu?" Mtoto akaachia ziwa akaanza kulia, sisi tunacheka. Siku hizi kila jioni mmoja anasoma kosa, wenzake wanatafuta lilipoanzia.

Mafaili, betri ya laptopu ya mtumba hapo Mwanza naipata mtaa gani? Ijumaa navuka.