Mjadala: Sera mpya ianze kwa bahati nasibu, au nchi nzima kwa mpigo?

Ndugu wachangiaji,

Hoja iliyo mezani ni kwamba kuanzisha sera kwa bahati nasibu, wengine wapate na wengine wangoje ili watafiti wawe na wa kulinganisha, ni kuwageuza wananchi panya wa maabara. Ninaheshimu uchungu uliomo katika hoja hiyo, lakini sikubaliani nayo.

Magharibi mwa Kenya, katika Busia na Teso, watafiti walichunguza kama chati kubwa za kufundishia huwasaidia wanafunzi. Walipolinganisha tu shule zilizokuwa nazo na zile zisizokuwa nazo, chati zilionekana kupandisha alama kwa kiasi cha kutia moyo. Kisha zikachukuliwa shule 178, nusu yake zikapewa chati kwa bahati nasibu, na hapo hapakuonekana nyongeza yoyote. Shule iliyojitafutia chati yenyewe huenda ina pia mwalimu mkuu mfuatiliaji na wazazi wanaojiweza, na sifa yao ikaangukia chati. Waziri aliyesoma takwimu za kwanza pekee angezinunua kwa nchi nzima, kwa fedha za walipa kodi, huku akiamini kwa dhati kwamba data iko upande wake.

Kuhusu haki, Busia hiyo hiyo ilikuwa na mradi wa dawa za minyoo ulioanza mwaka 1998, ambao uliingia katika shule 75 kwa makundi matatu ya zamu, kwa kuwa uwezo haukutosha kuzifikia zote kwa pamoja. Utoro ulipungua kwa takriban robo, ingawa alama za mitihani hazikupanda. Watafiti wengine walipozirudia hesabu hizo mwaka 2015 walibaini makosa kadhaa, na waliweza kufanya hivyo kwa sababu data ilitolewa. Na kungoja kwa shule za zamu za baadaye kungekuwapo hata bila utafiti.

Nakiri kwamba si kila sera inafaa kwa njia hii. Tanzania ilipofuta ada ya kidato cha 1 hadi cha 4 mwaka 2016, isingekuwa sawa kumtoza mtoto wa wilaya moja na kumsamehe wa wilaya jirani. Pale mtafiti hana budi kulinganisha maeneo ambako ada ilikuwa kikwazo kikubwa na yale ambako haikuwa, na kukubali jibu lenye uhakika mdogo zaidi.

Ningependa wanaopinga watujibu hili: dawa zikiwa zinatosha nusu ya shule tu, orodha ya watakaoanza iandikwe na nani, na kwa kigezo gani?